Ngojangoja Huumiza Matumbo: Majuma ya Kusubiri Tiba ya Saratani ya Matiti

Makala ya afya ya juma hili hayahusu dalili za saratani ya matiti wala namna ya kujichunguza, mambo ambayo yamekwisha kuelezwa mara nyingi hewani. Yanahusu kipindi ambacho vipeperushi vya hospitali hukipita kwa mstari mmoja au miwili: majuma yaliyopo baina ya siku mwanamke anapoambiwa kuwa ana saratani na siku anapoanza kutibiwa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti katika mwaka 2022, na watu 670,000 walifariki dunia kwa ugonjwa huo mwaka huohuo. Nchini Uingereza pekee wanaogunduliwa kila mwaka hupindukia 55,000. Karibu kila mmoja wao hulazimika kungoja kwanza. Na wagonjwa wengi, wakiulizwa baadaye ni wakati gani uliowatesa zaidi, hawataji kisu cha daktari wala dawa kali. Hutaja majuma hayo.

Si vigumu kuelewa kwa nini. Mwanamke ametoka hospitali na habari nzito, lakini mwilini hajisikii tofauti na jana. Anakwenda kazini, anapika, anawapeleka watoto shule. Kisha usiku, nyumba ikishatulia, mkono unakwenda wenyewe kwenye titi kupima kama uvimbe umekua. Mgongo uliokuwa ukimwuma tangu alipojifungua mtoto wa pili sasa unauma kwa maana mpya: je, saratani imeshafika kwenye mifupa? Kikohozi kidogo ni mapafu. Kichwa kikimgonga, ni ubongo. Simu ikilia bila namba kuonekana, moyo unaruka, kwa sababu hospitali za Uingereza mara nyingi hupiga simu zikiwa zimeficha namba zao.

Waswahili wana methali mbili kuhusu kungoja, na hazisemi jambo moja. Ya kwanza ni ile wanayoambiwa wagonjwa wote: subira huvuta heri. Ya pili husemwa kwa kunong'ona zaidi: ngojangoja huumiza matumbo. Mwenye kungoja tiba ya saratani anazihitaji zote mbili, ila tu ajue ni wakati gani wa kuishika ipi. Kungoja ni jambo moja, kucheleweshwa ni jingine, na sehemu kubwa ya wasiwasi wa majuma hayo hutokana na mgonjwa kutojua yuko katika lipi.

Kinachofanyika wakati yeye anangoja hakionekani kwake, lakini si kidogo. Ule mnofu mdogo uliotolewa kwa sindano kwenye uvimbe hupelekwa maabara, na huko haulizwi tu kama ni saratani au siyo. Hupimwa kama chembe zake zina vipokezi vya homoni ya estrojeni, kwani zikiwa navyo, vidonge vya kuzuia homoni hiyo vitakuwa sehemu ya tiba kwa miaka kadhaa. Hupimwa pia protini iitwayo HER2, ambayo ikiwa nyingi kupita kiasi huifanya saratani ikue kwa kasi, lakini hapohapo huipa dawa maalumu mahali pa kuishambulia. Baadhi ya majibu haya huhitaji kipimo cha pili, nacho huongeza siku. Kisha hufanyika kikao, katika hospitali nyingi mara moja kwa juma, ambapo mpasuaji, mtaalamu wa picha, mtaalamu wa maabara, daktari bingwa wa saratani na muuguzi hulijadili faili moja baada ya jingine. Hapo ndipo huamuliwa kama upasuaji utangulie au dawa zitangulie.

Uamuzi huo ni mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fikra ya kawaida ni kwamba uvimbe ukijulikana, utolewe kesho yake. Lakini kwa baadhi ya saratani, hasa zile zenye HER2 nyingi, kuanza na dawa huupunguza uvimbe kabla ya upasuaji na kuwaonyesha madaktari kama dawa zinafanya kazi. Mgonjwa aliyekimbizwa kwenye chumba cha upasuaji kabla ya majibu kutoka aweza kuipoteza nafasi hiyo. Kwa hiyo si kila siku inayopita ni siku iliyopotea.

Nayo saratani yenyewe haiendi kwa mwendo ambao hofu huupa. Saratani nyingi za matiti, mpaka zifikie ukubwa wa kuguswa kwa kidole, zimekwisha kuwamo mwilini kwa miaka, na muda zinaochukua kuongezeka maradufu kwa kawaida huhesabiwa kwa miezi, si kwa siku. Ipo aina adimu ambayo haingoji: titi lote huvimba, huwa la moto, na ngozi yake huwa na vidoneadone kama ganda la chungwa. Vitabu vingi huongeza kwamba titi huwa jekundu, maelezo yaliyoandikwa na watu waliozoea kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa. Huonekana weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Hiyo ni hali ya kumwona daktari mara moja bila kungoja barua yoyote.

Lipo pia tatizo la lugha, na huongeza hofu pasipo sababu. Barua ya hospitali yaweza kusema kwamba saratani ni "pozitivu" kwa vipokezi fulani. Kwa masikio ya wengi wa Afrika Mashariki neno hilo limeshikana na virusi vya Ukimwi, na haiwi ajabu mtu akatoka na barua mkononi akiamini kwamba ameambiwa maradhi mawili kwa pamoja. Mgonjwa anayetibiwa katika huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, NHS, ana haki ya kupatiwa mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo. Akiombe mapema, wakati wa kupangiwa miadi. Miongozo ya NHS inasema wazi kwamba mtoto asitumiwe kuwa mkalimani, na hata kama isingesema, mtoto wa miaka 12 kumfasiria mama yake kwamba ana saratani ni mzigo ambao haupasi kuwekwa kwenye mabega yake.

Hayo ndiyo mambo ya subira. Sasa yale ya matumbo.

Katika England kuna viwango vya muda ambavyo mgonjwa yeyote aweza kuvitumia kama kipimo. Tangu Oktoba 2023 vimebaki vitatu. Mtu aliyepewa rufaa ya haraka kwa kushukiwa kuwa na saratani aambiwe ndani ya siku 28 kama anayo au hana. Tiba ianze ndani ya siku 31 tangu mgonjwa na daktari walipoafikiana juu yake. Na tangu siku ya rufaa hadi siku ya tiba ya kwanza zisipite siku 62. Hivyo ni viwango, si ahadi. Lengo la kuwaanzishia tiba asilimia 85 ya wagonjwa ndani ya siku 62 lilifikiwa mara ya mwisho Desemba 2015, na kwa miaka mingi baada ya hapo hospitali ziliendelea kulikosa. Lakini mgonjwa anayezijua namba hizi tatu ana jambo la kuuliza, na anayeuliza husikilizwa zaidi kuliko anayelalamika tu kwamba amengoja sana.

Anaulizwa nani? Kila mwanamke aliyegunduliwa na saratani ya matiti nchini Uingereza anapaswa kupewa jina na namba ya simu ya muuguzi maalumu wa saratani ya matiti. Muuguzi huyo ndiye mlango. Maswali ya kumpelekea ni mafupi: Ni kipimo gani kinachongojwa? Majibu yatatoka lini? Faili litajadiliwa kikao cha siku gani? Kama sijapigiwa simu kufikia siku hiyo, nimpigie nani? Wanawake wengi waliolelewa pwani ya Afrika Mashariki huona haya kumpigia simu muuguzi mara mbili, wakichelea kuonekana wasumbufu au wasio na adabu. Haya hiyo haina nafasi hapa. Barua hupotea, miadi huandikwa kwa anwani ya zamani, na mfumo haujui kwamba umemsahau mtu mpaka mtu huyo aseme.

Na kuchelewa kuna gharama. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti 34 zilizohusu wagonjwa zaidi ya milioni 1.2 wa saratani za aina mbalimbali. Kwa upasuaji wa saratani ya matiti, kila majuma manne ya kuchelewa yaliambatana na ongezeko la takriban asilimia 8 la hatari ya kufa. Inafaa kuieleza namba hii vizuri, maana imewatisha watu kupita ilivyokusudiwa. Haimaanishi kwamba wanawake wanane zaidi katika kila mia watakufa. Kwa kukadiria, ikiwa katika kundi fulani la wanawake mia moja kumi wangekufa kwa ugonjwa huo, kuchelewa kwa majuma manne huisogeza hesabu kutoka kumi hadi karibu kumi na mmoja. Kwa mtu mmoja mmoja, juma moja la kungoja majibu kamili si jambo la kumkosesha usingizi. Kwa nchi nzima, mwezi mmoja wa kucheleweshwa ni roho za watu.

Nchi nzima imewahi kungojeshwa kwa namna hiyo. Mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini Uganda, iliyokuwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Kwa wanawake wa saratani ya matiti, ambao wengi hupigwa mionzi baada ya upasuaji, ilikuwa kana kwamba daraja limevunjika wakiwa katikati. Hospitali ya Aga Khan mjini Nairobi ilijitolea kuwatibu wagonjwa 400, wengine wakajitafutia njia, wengine wakabaki nyumbani. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Tangu wakati huo Taasisi ya Saratani ya Uganda imeongezewa mashine nyingine za kisasa zaidi, lakini waliongoja katika muda ule hawakuwa wakihitaji kufundishwa subira.

WHO, katika mpango wake wa kimataifa wa saratani ya matiti ulioanzishwa mwaka 2021, inataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike kwa mara ya kwanza kwenye kituo cha afya. Afrika kusini mwa Sahara wengi bado hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, na mara nyingi wanachongoja si kitanda cha hospitali bali fedha.

Hapo ndipo wasikilizaji walioko ughaibuni huingia, kwa sababu wao ndio hupigiwa simu. Shangazi yuko Dar es Salaam, ameandikiwa tiba katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na familia inasema kuna foleni. Wazo la kwanza la mtu aliyeko London au Muscat ni kuchanga fedha apelekwe India. Pengine ni sawa. Lakini kabla ya tiketi kukatwa, yafaa kuuliza maswali yaleyale anayoulizwa muuguzi wa Uingereza: kinangojwa nini hasa? Mara nyingine foleni inayosemwa si ya mionzi, ni ya majibu ya vipokezi vya homoni na HER2, kipimo ambacho familia haijakilipia kwa kuwa hakuna aliyewaeleza umuhimu wake. Fedha kidogo zilizotumwa mapema kwa ajili ya kipimo hicho zaweza kuokoa muda zaidi ya fedha nyingi za safari, kwani huko aendako nako wataanza kwa kukiuliza.

Kwa anayengoja mwenyewe, yapo mambo ambayo hufanyika katika majuma haya au hayafanyiki tena. La kwanza ni uzazi. Tibakemikali yaweza kuuharibu uwezo wa kushika mimba, na mwanamke ambaye bado anatamani mtoto anapaswa kulisema hilo kabla ya dozi ya kwanza. Kuvuna mayai na kuyahifadhi huchukua kiasi cha majuma mawili, muda ambao mara nyingi upo, lakini daktari aliyeshughulishwa na uvimbe aweza kusahau kuuliza, hasa akimwona mgonjwa ana watoto tayari. Meno nayo yatazamwe sasa, maana jino bovu wakati kinga ya mwili imeshuka huleta balaa. Dawa za miti shamba, habasoda, vidonge vya kitunguu saumu na vinginevyo vinavyotumwa na ndugu kwa nia njema vitajwe kwa daktari bila kuficha; baadhi huathiri kuganda kwa damu wakati wa upasuaji. Kuhusu kazi, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humlinda mgonjwa wa saratani katika England, Wales na Scotland tangu siku alipogunduliwa, si tangu siku alipoanza kutibiwa, na mwajiri anapaswa kulijua hilo.

Na wasiwasi wenyewe? Wanasaikolojia hushauri kuutengea saa yake: dakika 20 jioni, daftari mkononi, kila hofu iandikwe, na swali lolote linaloweza kujibiwa na muuguzi lipigiwe mstari. Likija saa nane za usiku, liambiwe lingoje jioni. Ushauri huu huonekana wa kitoto mpaka mtu aujaribu. Saa nane za usiku pia si wakati wa kusoma takwimu za vifo kwenye intaneti, ambazo kwa vyovyote huwahusu wanawake waliogunduliwa miaka mingi iliyopita, kabla ya baadhi ya dawa zinazotumika leo.

Lakini daftari halimtoshi mtu aliye peke yake. Mwandishi na mbunifu wa bustani, Maggie Keswick Jencks, aligunduliwa na saratani ya matiti mwaka 1988. Mwaka 1993 aliambiwa kwamba imerudi na kwamba amebakiwa na miezi michache. Kisha yeye na mumewe wakaombwa wakakae kwenye korido isiyo na dirisha, kwa kuwa wagonjwa wengine walikuwa wakingoja zamu. Aliishi hadi 1995, na muda huo aliutumia kupanga mahali ambapo mtu aliyepewa habari kama ile angeweza kwenda kukaa. Kituo cha kwanza chenye jina lake kilifunguliwa Edinburgh mwaka 1996, kando ya hospitali, na vingine vikafuata Uingereza nzima. Baadhi vimechorwa na wasanifu majengo mashuhuri kama Frank Gehry na Zaha Hadid, lakini kilicho katikati ya kila kimoja ni meza ya jikoni. Mtu huingia bila miadi, bila kulipa, bila hata kujitambulisha kama hataki. Anaweza kunywa chai na kunyamaza. Mswahili ataitambua baraza akiiona.

Wengi hawafiki hapo kwa sababu ya siri. Mama yuko Tanga na ana shinikizo la damu, asiambiwe. Majirani watasema. Mume amekuwa mkimya, na ukimya wake haujulikani kama ni huzuni au ni hasira. Mwanamke anaamua kwamba atasema akishapona. Wapo wanaomtupia methali ya mficha maradhi, na methali ile ina ukweli, ila humlaumu mgonjwa badala ya kuuliza amewaficha watu kwa nini. Mara nyingi ameficha ili awahurumie. Hata hivyo siri hii ina kazi zake: kujibu simu ya Ijumaa kwa sauti ya furaha, kubuni sababu za kwenda hospitali, kuficha barua. Nguvu hizo angezihitaji kwingine. Si lazima awaambie wote. Mmoja anatosha kwa kuanzia, na achaguliwe yule anayeweza kusikiliza bila kusema mara moja, "usijali, utapona," maneno ambayo humfunga mgonjwa mdomo yakidhaniwa kumfariji.

Asiyekuwa na mtu kama huyo, na anaishi Uingereza, shirika la Macmillan, linalowasaidia wagonjwa wa saratani tangu mwaka 1911, lina simu ya bure: 0808 808 00 00. Anayepiga hahitaji kujua Kiingereza zaidi ya kutaja jina la lugha anayoitaka. Aseme "Swahili", kisha angoje kidogo aunganishwe na mkalimani.